Mbwa Mnene Si Ushahidi

Mitundu, Itigi

Mpwa wangu,

Umeniuliza kama uache kuwapikia mbwa wako ugali wa pumba, badala yake uwape utumbo, mapafu na maini mabichi kutoka machinjioni, kwa kuwa umesoma kwamba Wazungu wanaofuga feret, yule jamaa wa kicheche, huwalisha nyama mbichi na wananawiri. Kuhusu feret sina ubishi. Ni mla nyama halisi, utumbo wake mfupi, chakula humpita ndani ya saa chache, na nafaka haimfai kitu. Hata kwa mbwa unayo hoja. Pumba tupu hazimtoshi mnyama anayekesha akilinda zizi, na mahindi yaliyoota ukungu ni hatari zaidi ya njaa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, mikoa tunayopakana nayo, na mara nyingi mahindi ambayo mtu ameyakataa ndiyo yanayomwagiwa mbwa. Kwa hiyo nyama waongezee. Ninachopinga ni kuwapa ikiwa mbichi, na sababu yangu haimhusu mbwa hata kidogo.

Siku utakapokuwa machinjioni, simama karibu na mkaguzi anapopasua ini la mbuzi au kondoo mzee. Mara nyingine utaona lengelenge jeupe, gumu kwa nje, limejaa maji maangavu, na ndani ya maji hayo chembechembe mithili ya mchanga laini. Kila chembe ni kichwa cha mnyoo mchanga anayesubiri. Mbwa akilimeza lengelenge lile bichi, vichwa vile hujishikiza kwenye utumbo wake na kuwa tegu wadogo mno, wenye urefu wa milimita 2 hadi 7 tu. Baada ya wiki sita au zaidi huanza kutoa mayai, na mayai hutoka na mavi, yakabaki kwenye manyoya yake, kwenye majani anayokula mbuzi, kwenye maji ya lambo, na kwenye mikono ya mtoto anayemkumbatia mbwa kisha akala bila kunawa. Ndani ya mbuzi yai hilo linakuwa lengelenge jipya. Ndani ya mtu pia. Hukaa kwenye ini au mapafu likikua taratibu kwa miaka mingi bila maumivu, mpaka siku linapobana kiungo au kupasuka, na hapo dawa yake mara nyingi ni kisu cha daktari.

Sasa mbwa mwenyewe anakuwaje muda wote huo? Hana neno. Anaweza kubeba maelfu ya tegu hao na bado akakimbia, akabweka, akazaa, manyoya yakang'aa. Hapa ndipo hoja za wanaosifu chakula kibichi zinapovuja: wanamtazama mnyama wakasema, mwone alivyopendeza. Ushahidi wanaoutafuta kwake haupo kwake. Uko kwenye ini la mtoto wa jirani, miaka kumi baadaye, na hakuna atakayekumbuka kuuhusisha na bakuli la mbwa. Watu wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, wamelijua hili kwa gharama kubwa. Ni wafugaji kama hawa wanaotuzunguka, mbwa wao huishi na watu na hula masazo ya uchinjaji, na ugonjwa huu wa malengelenge ya tegu ulienea kwao kuliko karibu mahali popote duniani, hata ikabidi shirika la Amref lianzishe mpango wa kuudhibiti mwaka 1983, kwa kupasua wagonjwa, kufundisha watu na kudhibiti mbwa. Shirika la Afya Duniani bado linaitaja Afrika Mashariki miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi.

Utaniambia mbwa mwitu wa porini kule Rungwa hawapikiwi na mtu. Kweli, na wala hawalali barazani kwako. Utaniambia pia kwamba wazee wetu waliwatupia mbwa maini mabichi tangu zamani. Waliwatupia, na waliougua uvimbe wa tumbo usioeleweka hawakupigwa picha ya kuonyesha kilichokuwamo. Hoja yenye uzito ni ile ya friji, maana nyama ikigandishwa sawasawa kwa siku kadhaa vichwa vya tegu hufa. Lakini unahitaji ubaridi mkali usiokatika, na umeme wetu unaujua mwenyewe. Tena si kila kitu hufa kwa kuganda. Desemba 2024, jimboni Oregon, Marekani, paka wa ndani alikufa kwa mafua ya ndege baada ya kula chakula kibichi cha bata mzinga, cha dukani, kilichokuwa kimegandishwa. Kama wao wenye viwanda na maabara limewapata hilo, sisi wenye ndoo na panga tujisifu kwa lipi?

Wanasema moto huharibu virutubisho. Huharibu baadhi, si vyote, na vingine huhamia kwenye mchuzi, kwa hiyo usiumwage. Hili zingatia zaidi kwa paka wa ghalani: mwili wa paka unahitaji taurini, hupatikana kwenye nyama na samaki wala si kwenye ugali, na nyama ikichemshwa sehemu ya taurini hiyo huishia kwenye maji. Mpe nyama na mchuzi wake. Mifupa usiwapikie, kwani iliyopikwa hukatika vipande vikali vinavyochoma utumbo.

Kazi yenyewe si kubwa. Maini na mapafu yakate vipande, yachemke nusu saa nzima, ndicho kipimo wanachopendekeza wataalamu. Lenye malengelenge usilibebe kabisa. Mwombe mkaguzi alichome au alifukie kina ambacho mbwa hafukui. Mnyama aliyekufa ghafla bila sababu usimpasue hata kwa ajili ya mbwa, inaweza kuwa kimeta. Mwite bwana mifugo. Kuni zitaongezeka, najua, na mkeo atalalamika, naye ana haki.

Kabla ya kuanza, wape mbwa wote prazikwanteli, kisha urudie angalau mara nne kwa mwaka. Siku mbili za kwanza baada ya kila dozi wafunge mahali pamoja, mavi yao uyachome au uyafukie, kwa sababu dawa hiyo humwua tegu lakini mayai yake hutoka yakiwa hai. Bei muulize bwana mifugo, na kama majirani watakubali kuchanga, mbwa wenu wote wapewe dawa siku moja, maana mbwa wa jirani asiyetibiwa anajisaidia kwenye uwanja wako vilevile.

Wasalimie wote nyumbani.

Mjomba wako