Kulevuka

Lugha ni ghala la fikira za watu. Atakaye kujua jamii fulani yaogopa nini na yatumaini nini, na afungue ghala hilo atazame kilichowekwa humo. Katika Kiswahili afungaye huweza kufungua, azibaye huweza kuzibua, na ategaye huweza kutegua. Kadhalika alewaye huweza kulevuka. Neno hilo limo katika kamusi zetu, na maana yake ni kurudiwa na fahamu baada ya ulevi. Lakini tazama, msomaji, jinsi tulivyolibana: latutosha kwa asubuhi moja tu. Aliyekaa miaka mitatu bila kunywa hatukumwekea jina. Twamwita mlevi akiwa kilabuni, na akiisha kutoka twazidi kumwita hivyo hivyo.

Upungufu huu ulinidhihirikia kwa mambo ya ndugu yangu, mtoto wa baba yangu mdogo, akaaye Iringa. Yeye ni seremala mwenye mikono ya sifa, na pombe ilikuwa yaila nyumba yake kama mchwa. Siku moja aliniambia, "Kaka, nataka kuacha, na peke yangu nimeshindwa. Watu kama mimi huenda wapi?" Kazi yangu ni kusomesha na kujibu maswali, lakini jibu la swali hilo halikuwa katika kitabu chochote nilichokuwa nacho.

Katika Nyanda za Juu Kusini kuuliza pa kunywa hakuna taabu. Iringa mianzi hugemwa majira ya mvua, na ulanzi hutoka mtamu. Ukilala huwa mkali. Mbeya kuna komoni na kimpumu. Tena kilabuni mtu hupata zaidi ya kinywaji: hupata benchi, habari za misiba, kibarua cha kesho, na wenzi wasiomhukumu. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki. Marufuku yaweza kuondoa kifuko. Kuleta benchi jingine ni kazi ya watu.

Tulianzia kwa daktari, na ilikuwa heri. Alitueleza kwamba anywaye kila siku kwa miaka mingi asiache ghafula bila uangalizi, kwa maana mitetemeko, kifafa na kuweweseka vyaweza kumjia siku za mwanzo, hata vikamwua. Mwili ukatulia kwa dawa. Kisha tulimwendea kiongozi wa dini. Alituombea kwa upole, akashauri ndugu yangu asimame mbele ya waumini wote aungame. Ndugu yangu alikataa. Katika mji ambamo kila mtu aujua ukoo wa mwenziwe, aibu hutangulia kufika kabla ya mwenyewe.

Hatimaye muuguzi mmoja mstaafu alituelekeza Mbeya, kwenye kikao cha Jumamosi alasiri. Tulisafiri zaidi ya kilomita 300, tukapita Mafinga na Makambako, tukawakuta watu saba katika darasa tupu. Hapakuwa na ada, daftari la majina wala hotuba. Kila mmoja alitaja jina lake la kwanza, siku alizokaa bila kunywa, na jambo lililomjaribu juma lile. Mama mmoja, ambaye kwa ridhaa yake naandika haya, alisema ameacha kunywa komoni lakini hajaacha kuipika, kwa kuwa karo za wanawe zatoka katika pipa lile lile. Hakuna aliyemkemea. Mzee mmoja alimwuliza tu, "Mama, saa ya kuonja huonja nani?" Akajibu, "Jirani." Wakaendelea.

Utaratibu huo una asili ya mbali. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Ohio, nchini Marekani, dalali wa hisa kutoka New York alikutana na daktari mpasuaji, wote wawili wakiwa wametawaliwa na pombe. Waligundua kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenziwe pale ambapo mawaidha yamekwisha kushindwa. Kwa mkutano huo kilizaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho sharti lake la kuingia ni moja: kutaka kuacha kunywa.

Ndugu yangu alirudi na furaha iliyochanganyika na huzuni, kwani nauli ya kila juma ingemmaliza. Nilimkumbusha kuwa Akron walianza wawili. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi, kaka, nimebakiza kumtafuta mmoja." Alimpata dereva wa bajaji aliyekuwa akinywa naye zamani. Sasa hukutana kila Jumanne jioni katika karakana, juu ya benchi alilolichonga mwenyewe. Walifika wanne, mmoja amerudi kilabuni, na nafasi yake wameiacha wazi.

Kwa hiyo atafutaye kikao na aanze na mtu, kwa sababu jengo halijapata kumsikiliza mgonjwa. Wawili wasemao kweli kwa saa waliyoagana wametimia. Nasi tufanyao kazi ya lugha tuna deni letu dogo: neno kulevuka tulitoe katika asubuhi moja, tulipe miaka, ili aliyelevuka aitwe kwa heshima jina la alikofika.