Siri Isiyofaa Kutunzwa



Katika kitabu hiki umejibu maswali mengi ya miaka iliyopita. Ukurasa huu hauna swali la mtihani. Nimeuandika kwa sababu ya jambo nililojifunza nikifundisha kidato cha nne mkoani Lindi, upande wa Ruangwa na Nachingwea.

Mtihani wa taifa hufanyika Novemba, na kwetu huo ni msimu wa korosho. Wazazi wengi huwa mashambani wakiokota na kuanika, huku watoto wao wamepanga vyumba karibu na shule, vile mnavyoviita mageto. Mwanafunzi anapika mwenyewe, anasoma mwenyewe, na akilemewa, analia mwenyewe.

Mwaka mmoja mwanafunzi wangu hodari wa Hisabati alianza ghafla kusinzia darasani. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake. Nilikosea. Jirani yake wa dawati alijua kwamba mwenzake halali usiku, hali chakula vizuri na hana hamu ya jambo lolote. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alijibu, "Mwalimu, ningeanzia wapi?"

Jibu hilo lilinikaa moyoni. Mimi namwona mwanafunzi kwa vipindi vichache, wewe unakaa naye kutwa nzima. Basi tukaamua kuwa na viongozi rika wawili katika kila mkondo, msichana na mvulana. Hatukutafuta viranja wala wanaoshika nafasi ya kwanza. Tulipiga kura ya siri yenye swali moja: "Ukipata shida, ungemwambia nani?" Waliotajwa zaidi tuliwafundisha kila Ijumaa baada ya vipindi: kusikiliza bila kukatiza, kutocheka, kutohubiri, na kumfikisha mwenzao kwa mtu mzima. Kiongozi rika si daktari. Kazi yake ni kuwa daraja.

Njia hii haikuanzia kwetu. Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa Mbare, jijini Harare, akawafundisha kuketi kwenye benchi na kuwasikiliza wenye huzuni. Kenya, taasisi ya Shamiri huwaandaa vijana waliomaliza sekondari karibuni waongoze vikundi vya wanafunzi. Mahitaji ni makubwa: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba, wa umri wa miaka 10 hadi 19, ana tatizo la afya ya akili. Fanya hesabu kwa darasa la wanafunzi 49.

Kilichotushinda kwa muda ni suala la siri. Jioni moja msichana alimwambia kiongozi rika wake kwamba haoni tena faida ya kuishi, kisha akamwapisha asimwambie mtu. Asubuhi kiongozi rika huyo alikuja ofisini akitetemeka. "Nimeapa, Mwalimu," alisema. Nilimwambia kwamba kiapo cha namna hiyo hakimfungi mtu. Siku hiyohiyo tulimwita mama mzazi kutoka shamba, tukampeleka binti hospitali.

Kwa majuma matatu rafiki yake hakumsemesha. Alimwita msaliti. Kiongozi rika wangu alivumilia, akaendelea kumwachia nafasi kwenye dawati. Siku ya mtihani wa mwisho niliwaona wameketi chini ya mkorosho, wanakula muhogo kwenye sahani moja.

Kwa hiyo, mtahiniwa, rafiki akikueleza habari za mapenzi, umaskini wa kwao au hofu ya mtihani, itunze siri yake. Akikueleza kwamba anataka kujidhuru, au kwamba anafanyiwa ukatili, usiitunze hata usiku mmoja. Mweleze mwalimu unayemwamini, mzazi, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Atakasirika, lakini atakuwa hai wa kukasirika.

Na kama mwenye mzigo ni wewe, kumbuka wahenga: mficha uchi hazai. Mtaje mtu mmoja moyoni mwako ambaye ungemwambia. Leo, kabla hujafungua ukurasa unaofuata, mfuate.