Nairobi Nako ni Kwetu

Sisi tukaao katika mitaa ya Mashariki ya Nairobi, kama Kaloleni, Bahati, Maringo na Jericho, tuna desturi moja ambayo imenifikirisha sana. Mtu akiulizwa, "Nyumbani ni wapi?" hautaji mtaa wake hata kidogo. Hutaja Maragoli, au Machakos, au Murang'a, au Siaya, ijapokuwa amekaa Nairobi miaka thelathini na watoto wake wote wamezaliwa Pumwani. Mjini yeye ni mpangaji tu, na mpangaji haoni sababu ya kufagia nje ya mlango wake.

Desturi hii ina asili yake. Wakati wa ukoloni Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni katika mji huu. Alikuja kwa kazi, akapewa mahali pa kulala, na kazi ikiisha alitakiwa arudi alikotoka. Nyumba zilikuwa za Halmashauri, na ardhi kadhalika. Basi mti ukikauka au mfereji ukiziba, kila mtu alimngojea mwenye mali aje. Utawala ule ulikwisha mwaka 1963, lakini kungojea hakukwisha.

Kwa sababu hiyo nilifurahi, likizo moja ya Agosti, wajukuu zangu wawili walipoandikishwa katika kambi ya vijana iliyofanywa karibu na kwetu kwa desturi ya Marafiki, yaani Wakristo wale waitwao Quakers. Mama yangu, ambaye ni mkongwe, hakulipenda neno "kambi". Kwake yeye kambi ni Manyani; kwa maana tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni iliuzingira mji huu katika operesheni iliyoitwa Anvil, na maelfu ya watu wakachukuliwa kutoka mitaa hii hii na kufungwa kambini. Ilinibidi nimweleze kwamba kambi hii haina seng'enge, na kwamba mtu huingia kwa hiari yake.

Kambi za namna hii zina historia nzuri. Mwaka 1920 Mswisi mmoja, Pierre Cérésole, ambaye baadaye alijiunga na Marafiki, aliwakusanya watu wa mataifa mbalimbali, Wajerumani wakiwamo, wakaenda Esnes, kijiji cha Ufaransa karibu na Verdun kilichoharibiwa na vita, ili wakijenge upya. Mwaka 1934 Marafiki wa Marekani walianza kambi za kazi kwa vijana wao. Nchini kwetu Marafiki walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Wafanyakazi waliotoka Magharibi waliileta imani yao Nairobi, na kituo chao kiko Ofafa. Kambi za kazi za kujitolea nazo zimekuwapo Kenya tangu mwaka 1962, nazo huwapokea vijana wa dini zote na makabila yote.

Sasa niseme niliyoyaona. Vijana walilala sakafuni, kila mmoja na blanketi lake. Asubuhi walichimba mashimo, wakapanda miche kando ya mto na kuzibua mifereji. Alasiri walifundishwa majina ya miti na ndege. Na usiku walizungumza. Siku ya pili ukatokea ugomvi, maana wavulana walikataa kuosha sufuria. Msimamizi hakutoa amri, wala kura haikupigwa. Waliketi wote kimya kitambo kirefu, kisha kila aliyekuwa na neno akalisema, mmoja baada ya mwingine, hadi wote wakapatana. Kesho yake nilimwona mjukuu wangu wa kiume akisugua sufuria ya ugali. Nyumbani kwangu jambo hilo halikupata kuonekana.

Jirani yangu, mzee mwenye busara, aliniuliza: "Ndugu yangu, mwapandaje miti penye nyumba za kupanga? Hamkuona Pangani? Nyumba za zamani zilibomolewa, majumba marefu yakajengwa. Kesho watakuja hapa, na miti yenu itakuwa kuni."

Swali hilo si la kudharauliwa. Ni kweli kwamba mti waweza kukatwa. Lakini hebu tutazame mifano tuliyo nayo. Tarehe 5 Juni 1977 Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, si mbali na kwetu. Ardhi ile haikuwa yao. Hata hivyo kutokana na kazi hiyo lilikua shirika la Green Belt, ambalo limepanda mamilioni ya miti. Tena, huko Mathare kiko chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa mwaka 1987, ambacho huzipa timu za mpira pointi za ligi kwa kusafisha mitaa. Vijana wale hawakungojea hati ya shamba ndipo waokote taka.

Nami nilimjibu jirani yangu hivi: mtu aliyeutunza mtaa, neno lake lina uzito siku mtaa huo utakapojadiliwa. Huyo hujua majina ya majirani zake, naye amekwisha kuketi nao na kupatana. Tukikutanishwa mbele ya wakubwa hali hatujuani, tutatawanywa kama makapi.

Miche iliyopandwa haikupona yote. Mingine ililiwa na mbuzi, na mingine ilikosa maji. Iliyobaki yanyweshwa kwa zamu, na zamu hiyo iliandikwa na watoto wenyewe bila kuambiwa na mtu.

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Mwenye kupewa jembe si mgeni tena. Amekuwa mtu wa mji ule. Sisi wa Nairobi siku yetu ya tatu ilipita zamani, na bado twakaa barazani. Basi, enyi wazazi, likizo ijayo msiwaache vijana wakae bure. Ninyi mlio mashambani, mkiwatembelea jamaa zenu mjini, chukueni miche pamoja na mahindi. Nasi tulio mjini tutatafuta majembe.