Saa Ngapi Hapa?

Zamani picha za nyumba za wateja zilichorwa na mzee mmoja pale ofisini kwetu Upanga, kwa penseli na rangi za maji. Picha moja siku tatu. Miti yake ilikuwa miembe na minazi, na pale ambapo hatujaamua ukuta uishie vipi, aliacha rangi ichuruzike tu. Mteja akiuliza, tunavuta kiti, tunazungumza.

Kisha ikaja Revit, programu ya kusanifu majengo, toleo la 2009, lililoachana na AccuRender na kuingiza mental ray kama injini ya kutengeneza picha. Modeli ileile iliyotutolea ramani na orodha ya madirisha sasa ilitoa picha kama ya kamera. Kompyuta ilifuata miale ya mwanga, ikidunda ukutani na kupenya vioo, na hesabu hiyo ilikula usiku kucha. Jioni tunabonyeza, tunafunga mlango, tunaomba umeme usikatike. Ukikuta skrini nyeusi asubuhi, unaanza upya.

Picha yangu ya kwanza nilimpelekea mama mmoja aliyekuwa akijenga Mbezi. Aliitazama kimya. Nikadhani imemkosha.

"Mwanangu, hapa ni saa ngapi?"

"Saa sita mchana, mama. Mwezi wa sita."

"Mbona kibaraza kina kivuli? Mwezi wa sita jua hupita upande huu huu. Nimekaa kiwanja kile miaka mingapi!"

Nilirudi ofisini nikafungua mipangilio. Nyumba ya Mbezi ilikuwa Boston, Marekani. Ndipo programu inapoanzia usipoihamisha, na huko jua la mchana hukaa kusini mwaka mzima. Mbezi ni Dar, na Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Juni, jua la mchana liko kaskazini. Hata miti niliyopanda uani, iliyokuja na programu, ilikuwa ya huko. Nikaihamisha nyumba, nikasubiri usiku mwingine, nikaona kibaraza kinawaka. Nikaongeza upenu kutoka sentimita 60 hadi 150.

Leo usiku ule haupo. Kwa programu kama Enscape au Twinmotion unasogeza ukuta na kivuli kinausindikiza papo hapo, majani yakipepea. Ni raha, sikatai. Ila picha imekuwa nzuri mno kiasi kwamba mteja haulizi kitu. Anauliza bei ya sofa lililomo.

Kwa hiyo kabla picha haijatoka ofisini, mimi ndiye napita nyuma ya viti vya vijana nikiuliza hapa ni saa ngapi. Wananicheka, kisha wanakwenda kuangalia.