Njaa ya Mkimbiaji wa Ufipa

Mtu atokaye Tunduma kwenda Sumbawanga, akiisha kuipita Laela, huona majani yaliyotanda hadi upeo wa macho, miti ikiwa ya kuhesabu. Huo ndio uwanda wa juu wa Ufipa. Mji wenyewe uko kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbizi iliyo jirani hupita meta 2,400. Alfajiri baridi huuma masikio. Kwa kijana apendaye mbio ndefu, ni nchi iliyokirimiwa.

Chakula nacho si haba. Kuna ulezi, mahindi, na maharage ya kwenye matuta ya ntumba, ambamo Wafipa hufukia nyasi zioze ziwe mbolea. Na migebuka hupandishwa kutoka Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo mama hustaajabu mwanawe arudipo baada ya kukimbia saa nzima na nusu, jasho likimtiririka, akaomba maji tu.

"Kula, mwanangu."

"Sijisikii, mama. Baadaye."

Ndugu msomaji, hayo si maringo, wala si lazima awe mgonjwa. Mbio kali huipeleka damu kwenye misuli na ngozi, tumbo likabakiwa na kidogo. Homoni iitwayo ghrelini, itokayo tumboni na kuamsha njaa, hupungua kwa muda, na zile za kushibisha huongezeka. Mchunga ng'ombe aliyetembea polepole kutwa nzima hapatwi na hayo. Yeye hurudi na njaa yake kamili. Mkimbiaji hurejewa na hamu baada ya saa moja hivi, naye pengine amekwisha kwenda shule au shamba. Nazo saa mbili za mwanzo ndizo misuli hujaza upesi zaidi akiba yake ya wanga.

Hata mabingwa hupungukiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji 10 hodari wa Kenya ulionyesha kwamba kwa siku walikula kalori zipatazo 2,990, huku miili yao ikitumia kama 3,600. Robo tatu ya nguvu hiyo ilitokana na wanga, ugali ukiwa mbele. Mtu mzima aweza kuvumilia hali hiyo kwa majuma machache. Kijana anayekua akiendelea nayo miezi, mifupa hudhoofika hata kupata nyufa. Msichana hukosa siku zake, na watu wa nyumbani wakadhani mengine.

Tangu Alphonce Simbu wa Singida aliponyakua ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, Septemba 2025, hakuna sababu ya kuwacheka wenye ndoto kama yake. Ila wasiingoje njaa iwaite. Koo inayokataa ugali hupitisha uji, na ulezi una chokaa nyingi ifaayo mifupa. Utiwe maziwa au karanga zilizosagwa, na sukari. Akiukataa nao, mama autie katika chupa ya chai, kijana aende nao shuleni; maharage na migebuka vitamngoja jioni.