Kabla ya Kufungua Mirathi

11 Januari 2024, Marangu

Matanga ya Baba yameanuliwa jana, leo ukoo umekaa kikao. Baba mkubwa amependekezwa kuwa msimamizi wa mirathi na muhtasari umeandikwa. Mimi nimesaini mahudhurio tu. Watu walivyompa mkono ungedhani kakabidhiwa nyumba. Hapa ndipo familia nyingi huharibikiwa, zikidhani msimamizi ndiye mrithi. Kumbe msimamizi hukusanya mali, hulipa madeni, huwagawia warithi, kisha hurudi mahakamani kutoa hesabu. Kama jina lake halimo kwenye urithi, usimamizi haumpi hata kijiko.

22 Januari, Tanga

Kutafuta wakili ni kazi. Wa kwanza alitaka asilimia kumi ya nyumba hata kabla hajajua watoto tuko wangapi. Wa pili alichukua fomu ya Mahakama ya Mwanzo akaanza kujaza huku bado nasimulia. Wa tatu, dada mmoja mwenye ofisi ndogo juu ya duka la vitambaa, aliweka kalamu chini: “Mzee alifunga ndoa ya aina gani? Na maisha yake aliyaendesha kimila au kikanisa?”

Nilipotoka nikatafuta jina lake kwenye e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa Mahakama. Lipo, na leseni yake ni hai.

25 Januari

Sasa naelewa kwa nini aliuliza. Mirathi ikienda kimila, inaongozwa na Tangazo la Serikali namba 436 la 1963. Humo mjane hana fungu lake maadamu mume kaacha ndugu wa ukoo. Hutunzwa na watoto wake. Mabinti nao wako daraja la mwisho. Lakini Baba alikuwa Mlutheri wa ndoa ya kanisani, mfanyakazi wa reli, na maisha yake ya utu uzima yote kayaishi mjini. Mahakama ikiridhika kwamba hakuishi kimila, itatumika Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Ndiyo, ya India, ya enzi za Malkia Victoria, na bado inafanya kazi Tanzania! Kwa sheria hiyo Mama anapata theluthi moja, nasi watoto tunagawana theluthi mbili sawasawa, wa kike kwa wa kiume. Na shauri halifunguliwi Mahakama ya Mwanzo, bali ya Wilaya au Mahakama Kuu, kutegemea thamani ya mali.

Wakili kanieleza pia habari ya wajane wawili waliopinga sheria ile ya kimila. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kuwa ni ya kibaguzi, ila haikuifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ikasema Tanzania imekiuka haki zao. Nimekasirika kwa niaba ya watu nisiowajua.

3 Februari

Katika sanduku la Baba limo daftari: “Nyumba ya Tanga ni ya mama yenu.” Tarehe ipo, sahihi yake ipo, shahidi hata mmoja hayupo. Wakili kalisoma mara mbili kisha akatikisa kichwa. Bila mashahidi wawili si wosia.

Mama kauliza kama anaweza kutoa hela benki kwa kadi ya Baba, maana namba ya siri anaijua. Hapana, hadi msimamizi ateuliwe. Risiti za mazishi azitunze, gharama hizo zitarudishwa kutoka kwenye mali ya marehemu.

10 Februari

Baba mkubwa amekuja na basi la usiku. Wakili alimsomea taratibu: tangazo gazetini, ridhaa ya warithi, wadhamini, orodha ya mali ndani ya miezi sita, hesabu ndani ya mwaka. Aliposikia wadhamini akakohoa. “Kumbe ni mzigo! Basi achukue huyu mwalimu,” akaninyooshea kidole. Nimekubali. Kikao kitaandika muhtasari mpya.

Mama naye anataka kuandika wosia wake na kuuhifadhi kwa wakala wa serikali, RITA. Mashahidi watakuwa jirani yetu na mzee wa kanisa, maana mrithi akishuhudia hupoteza alichoachiwa. Shemeji yake, anasema, atamwachia redio ya Baba, ili naye awe na cha kusimamia.