Tengeru, kambi ya watoto waliotoka Siberia

Ukishuka kwenye daladala Tengeru siku ya soko, kinachokupokea ni kelele: wauza ndizi, maparachichi, mitumba, makondakta wanaoita abiria wa Usa River. Wengi wanaofanya manunuzi hapo hawajui kwamba mwendo mfupi kutoka barabara kuu, ndani ya eneo la chuo cha mifugo na jirani na Ziwa Duluti, kuna makaburi karibu 150 ya wakimbizi kutoka Polandi.

Hawa hawakuwa walowezi. Mwaka 1940 utawala wa Kisovieti ulizitoa familia zao majumbani, nyingi usiku, ukazipakia kwenye mabehewa ya mizigo hadi Siberia na Kazakhstan. Baridi, njaa na maradhi viliwaua wengi. Walipoachiliwa mwaka 1941 walipitia Uajemi, wakavuka bahari, na kuanzia 1942 Tengeru ikawa kwao. Walifika takriban 5,000, wengi wao wanawake na watoto, kwa sababu wanaume wenye nguvu walikuwa wameingia jeshini. Baadhi ya watoto walikuwa yatima, na wengine waliwaona wazazi wao wakifa njiani.

Mtoto wa namna hiyo anatibiwaje?

Kambini walianza na mambo ya kawaida kabisa. Nyumba ndogo za duara, kuta nyeupe, paa za nyasi. Shule kwa lugha yao, kanisa, hospitali, skauti, bustani za mboga na maua. Kengele ya shule inagonga leo, kesho itagonga tena. Kwa mtoto ambaye kwa miaka miwili hakujua atalala wapi, hilo si jambo dogo.

Miaka hiyohiyo, jijini London, Anna Freud alikuwa akilea watoto wa vita. Mwaka 1943, yeye na mwenzake Dorothy Burlingham waliandika kwamba kutenganishwa na mama kulimuumiza mtoto mdogo kuliko hata mabomu. Kwa hiyo yule wa Tengeru aliyebaki na mama, au aliyepata mtu mzima mmoja wa kudumu, alikuwa na pa kuanzia.

Lakini ratiba haitoshi. Tiba ya mazungumzo kwa watoto, ambapo mtaalamu humwacha mtoto acheze, achore na asimulie kidogokidogo kwa kasi yake, ilikuwa bado changa hata Ulaya. Baadhi ya watoto wa kambi hii waliandika yaliyowapata wakiwa wazee, nywele zimeshakuwa nyeupe. Ni muda mrefu mno kubeba mzigo.

Mzazi wa leo ana njia fupi zaidi. Mtoto aliyeona ajali, moto au kipigo nyumbani, kisha akaanza kukojoa kitandani, kushtuka usingizini au kunyamaza ghafla, hahitaji kuambiwa "sahau, yameisha". Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kumwelekeza mzazi kwa mshauri, na namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure.

Mwaka 1949 kundi la yatima wa Tengeru liliondoka kuelekea Kanada kupitia Italia. Miaka michache baadaye kambi ikafungwa. Watoto na wajukuu wa waliobaki ardhini hapo bado hufunga safari kutoka mbali kuja kutafuta jina moja kati ya yale yaliyoandikwa makaburini.